Kagurupe kakizima, tuanze kwa chupa

Majuma matatu jamaa za waliokimbia makwao, wale wanaokaa pembeni ya mji wetu wa Kamina, walilala bila redio. Kagurupe kao kalikuwa kamezima. Ni kale kadogo ka kubeba kwa mkono mmoja, ka esansi iliyochanganywa na mafuta ya injini, walikopewa wakatumie pamoja: asubuhi kanachaji simu, jioni kanawasha taa mbili na redio. Kwa mtu mwenye umeme nyumbani hilo ni jambo dogo. Kwa mama ambaye bwana yake alibaki upande wa Malemba-Nkulu, simu iliyozima ni mlango uliofungwa. Nilimuona mama mmoja akitembea mpaka karibu na kituo cha treni na simu tatu za majirani ndani ya kitambaa, akakuta kijana wa kuchaji amekwisha kujaza mahali pote, akarudi nazo vilevile.

Watu wa pale hawakutoka mahali pamoja. Kuna waliokimbia Kasai wakati wa vita vya Kamuina Nsapu, 2016 na 2017, na hawakurudi. Kuna wazee wanaokumbuka Maï-Maï wa miaka ya nyuma. Kuna waliotorokea maji ya Bukama, nyumba na shamba vikabaki chini ya mto. Hata lugha ya nyumbani si moja. Jambo moja walilokubaliana bila mabishano ni kwamba saa ya habari redio lazima iseme.

Sasa juu ya kagurupe kale, mji mzima ulikuwa na jibu moja: «Ni ya Kichina, haina maisha.» Fundi alisema hivyo, motari aliyesimama kuangalia alisema hivyo, na mimi mwenyewe, nakiri, nilisema hivyo. Leo ninaandika kusema kwamba jibu lile linatukulia pesa. Mashine nyingi ndogo za esansi zinazokufa hapa Kamina hazifi kwa sababu ya nchi zilikotengenezwa. Zinakufa kwa sababu ya kile tunachomimina ndani, na kwa sababu tunafungua injini mbele ya kuangalia chupa.

Nieleze namna mambo yalivyokwenda. Fundi wa kwanza alifungua karibirateri, kile kidude kinachochanganya esansi na hewa, akapitisha waya ndani ya vitundu, akafunga. Kagurupe kaliwaka dakika tatu, kakazima. Elfu kumi. Fundi wa pili alibadilisha buji. Dakika tano, kimya. Elfu kumi na tano pamoja na bei ya buji. Wa tatu hakupoteza wakati: alivuta kamba mara mbili, akatikisa kichwa, akasema pistoni imekwisha na vyuma vyake vya mviringo vimekwisha, lazima viagizwe Lubumbashi. Bei aliyotaja ilikaribia ya kagurupe kapya. Watu wakaanza kuchanga. Watu wanaokula mara moja kwa siku wakaanza kuchanga.

Wakati wote huo mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe, akiangalia. Huyu mzee aliendesha pirogi yenye motere ya kufunga nyuma, kwenye Lualaba na ziwa Kisale, miaka mingi. Motere zile, kwa sehemu kubwa, ni za namna moja na kagurupe: injini ya mapigo mawili, inayokunywa esansi na mafuta pamoja. Katikati ya ziwa hakuna fundi wa kuita. Lakini hakuna aliyemuuliza mzee. Kwetu mkimbizi ni mtu wa kupewa, si mtu wa kuulizwa. Mimi nilipita pale mara nne na sikumuuliza.

Siku ya nne aliomba chupa nyeupe ya maji, tupu na kavu. Alimimina ndani yake esansi iliyobaki ndani ya tanki, akaiweka juu ya jiwe, akasema tungoje. Baada ya karibu nusu saa kila mtu aliona mwenyewe: chini ya chupa kulikuwa mstari, na chini ya mstari kulikuwa maji. Maji ni mazito kuliko esansi, hayachanganyiki nayo, yanashuka. Ndani ya tanki yanashuka vilevile, na mahali yanaposhukia ndipo esansi inapotokea kwenda kwenye injini.

Watu wakapiga kelele: kadafi ametuibia! Wakataka kwenda barabarani kumtafuta kijana anayewauzia. Mzee akamtuma mtoto kwa kijana yuleyule kununua chupa moja, bila kusema neno. Akaingoja nayo nusu saa: hakuna mstari. Akadondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe ya daftari. Karatasi ikakauka, haikubaki alama. Esansi safi inapaa yote. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ao mazutu, inaacha doa la mafuta. (Angalisho: fanya jaribio hili mbele ya kutia mafuta ya injini. Ukisha kuchanganya, doa litaonekana hata kama muuzaji ni mtakatifu.)

Basi kadafi alikuwa hana kosa. Maji yalitoka kwenye bidoni ya kamati yenyewe, ile ya njano, iliyokuwa inakaa nje ikiwa imezibwa kwa kipande cha saketi ya plastiki, wakati wa mvua. Kimya kikawa kingi kidogo.

Mzee akafungua kikombe cha chini cha karibirateri, akamwaga, akaosha kwa esansi safi, akapuliza vitundu kwa mdomo. Hakuingiza waya. Juu ya waya yule alikasirika kabisa. Kile kitundu kidogo cha shaba kinachopitisha esansi kimepimwa kiwandani. Ukikikwaruza kwa waya kinapanuka, na tangu siku ile mashine itakunywa zaidi na kutoa moshi, wala hautajua sababu. Kama kupuliza hakutoshi, chukua unywele mmoja wa brosi ya plastiki.

Kamba ikavutwa, kagurupe kakawaka. Watoto wakashangilia. Dakika kama sita hivi, kakaanza kukohoa, kakazima. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema tena: «Si nilisema? Ya Kichina.» Mzee hakujibu. Alilegeza kifuniko cha tanki, na sisi wote tuliokuwa karibu tukasikia hewa ikiingia: fyuu. Akavuta kamba, kakawaka papo hapo.

Kifuniko cha tanki kina kitundu kidogo cha kupumulia. Esansi inaposhuka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Kitundu kikiziba, tanki linanyonya kama mtoto anayenyonya chupa bila kupumua: mwishoni esansi inakataa kushuka. Mtu fulani alikuwa ameona kifuniko kinavuja, akakipaka sabuni, namna tunavyopaka sabuni kila tanki linalovuja. Sindano ya kushonea ilimaliza kazi. Makosa mawili yalikuwa pamoja, ndiyo maana kila fundi alipata dakika zake chache za ushindi kisha akashindwa. Na lile la pistoni iliyokwisha? Kagurupe kanawaka hata leo na pistoni ileile.

Sisemi mafundi wetu ni wabaya. Ninasema tumewazoesha vibaya. Tunalipa mtu kwa kufungua. Kama akiangalia tu kifuniko na kusema «nenda, ni kitundu», tunaona hakufanya kazi, tunakataa kumpa hata elfu mbili. Hapo na yeye anajifunza kufungua. Mimi ningependa tuanze kulipa maarifa ya fundi hata kama funguo hazikutoka mfukoni.

Injini ndogo ya esansi inadai mambo matatu: esansi inayofika, cheche kwenye buji, na nguvu ya kubana ndani ya silinda. Mambo hayo yafuatwe kwa bei, kuanzia la bure. Kuangalia esansi na kifuniko ni bure. Kutoa buji na kuiangalia ni bure pia, na buji inasema mengi. Rangi ya kahawia kama biskuti, injini ina afya. Nyeusi na yenye maji ya esansi: esansi inafika ila haiwaki, ao umevuta kamba mara nyingi huku sitarteri imefungwa, ikaushe, vuta kamba mara chache bila buji, rudisha. Nyeusi ya masizi makavu: kichujio cha hewa kimejaa vumbi, ao mafuta ya injini ni mengi mno. Kavu kabisa baada ya kuvuta mara kumi: esansi haifiki, rudi kwenye tanki. Nyeupe: jihadhari, injini inakunywa hewa nyingi kuliko esansi na inapata moto mkali, mara nyingi kuna mahali inapoingiza hewa ya wizi, pale karibirateri inapofungiwa kwenye injini. Na kama mashine inawaka tu sitarteri ikiwa imefungwa, ikifunguliwa inakufa, ni jambo lilelile: esansi kidogo ao hewa ya wizi. Kubana ndilo la mwisho. Ukivuta kamba na mkono wako unasikia ubishi wa kweli, usikubali upesi kwamba pistoni imekwisha.

Sasa mchanganyiko, maana hapo ndipo tunapoua mashine kwa mikono yetu. Katika injini ya mapigo mawili hakuna sehemu ya kutia mafuta ya injini peke yake; yanaingia pamoja na esansi na ndiyo yanayolainisha pistoni. Yakikosekana, pistoni inajikwaruza na kushikamana, na hapo kweli ni kifo. Yakizidi, moshi, buji chafu, masizi. Tugurupe twingi twa namna hii tunataka sehemu 50 za esansi kwa sehemu moja ya mafuta. Angalia kibandiko, maana mashine nyingine zinataka 25 kwa moja. Watu wetu wanamimina kwa jicho. Nunua seringe ya mililita 20 kwenye farmasi, tupa sindano. Kwa 50 kwa moja, seringe moja kwa litre moja. Kwa 25 kwa moja, seringe mbili. Litre tano za 50 kwa moja ni seringe tano, basi. Na chupa kubwa ya bia si litre moja, hata kama muuzaji anaita hivyo. Changanya ndani ya bidoni, tikisa, ndipo umimine. Usimimine mafuta moja kwa moja ndani ya tanki ukitumaini yatajipanga.

Kwa wale wanaoendelea kufikiri kwamba ni umaskini wetu na bidhaa zetu: huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima wenye kazi nzuri wanaonunua vigari vya kuchezea vya esansi, vya ukubwa wa moja kwa tano ya gari la kweli, wanaviongoza kwa rimoti. Ndani mna injini ya mapigo mawili ya sentimita za ujazo 23 mpaka 30 hivi, ndugu ya ile ya mashine ya kukatia majani, na wengi wanaichanganyia 25 kwa moja. Kimoja tu kinaweza kugharimu bei ya tugurupe kadhaa. Na matatizo wanayolalamikia ni yaleyale ya mzee wetu: inawaka kisha inazima, inakataa kuwaka ikiwa ya moto, inataka sitarteri muda wote, esansi imekaa ndani miezi na kugeuka gundi. Tofauti ni kwamba kule gari likizima mtu anakibeba kwapani, anarudi nyumbani kunywa kahawa.

Hiyo ya gundi ituguse na sisi. Esansi haikai kama mchele. Mwezi mmoja ao miwili ndani ya karibirateri, nayo inapaa na kuacha utando unaoziba vitundu. Kama kagurupe kitapumzika, funga bomba la esansi na kuacha injini ijizimie yenyewe mpaka karibirateri ibaki tupu.

Kwa wenye gurupe kubwa zaidi, ya mapigo manne, neno moja: humo mafuta ya injini yana mahali pake, na nyingi zina kifaa kinachokata cheche mafuta yakipungua. Gurupe ya namna hiyo ikikataa kuwaka ghafula, ao ikizima ukiiweka mahali pa mteremko, pima mafuta mbele ya kuita mtu.

Nirudi kwa bakadafi, maana sitaki mtu afikiri nawaosha wote. Mafuta ya taa yanachanganywa na esansi, tunajua, hasa pale treni ya mizigo inapochelewa na barabara imekatika. Mashine inayokunywa hayo inawaka kwa shida ikiwa baridi, inatoa moshi na harufu ya taa, inajaa masizi. Kwa gurupe ya mapigo manne mafuta yale yanashuka hata chini na kuharibu mafuta ya injini. Lakini kinachonitia hofu zaidi ni upande mwingine: esansi kidogo ikiingia ndani ya mafuta ya taa. Injini itakusamehe. Taa ya koroboi haitakusamehe, inalipuka mkononi, na ndani ya kibanda cha maturubai watoto wamelala. Bidoni ya esansi isitiwe mafuta ya taa hata siku moja, hata ikioshwa.

Kwa hiyo sioni faida ya kufukuza vijana barabarani. Wanauza kwa sababu pampu mara nyingi haina kitu, na kijana akifukuzwa leo atauzia usiku nyuma ya nyumba, gizani, mahali ambapo hata rangi hauoni. Ninaomba kitu kidogo: wauze ndani ya chupa nyeupe, na mnunuzi akubaliwe kudondosha tone juu ya karatasi bila kutukanwa. Wakubwa wa kata wanaweza kulisema hilo katika mkutano mmoja. Muuzaji mwaminifu, kama yule wetu aliyeponea kupigwa bure, atafaidika wa kwanza.

Na wanaotoa misaada, nao wasikie, kwa heshima. Walileta mashine, wakapiga picha, wakaenda. Hawakuacha buji ya pili, hawakuacha kipimo cha mafuta, hawakuacha bidoni yenye kifuniko, na kitabu cha maelezo kilikuwa kwa lugha ambayo hakuna mtu pale anayeisoma. Vitu hivyo vyote vinne vingeingia ndani ya kapu la sokoni. Na hawakuuliza: nani kati yenu alikuwa na injini kule mlikotoka? Katika kila kundi la waliokimbia kuna dereva, kuna mvuvi, kuna mama aliyekuwa na mashine ya kusaga. Kitu wanachokosa ni mtu wa kuwauliza tu.

Kuna mambo mawili ambayo mzee alikataa kabisa, na ninayaandika namna alivyoyasema. La kwanza, kagurupe hakalali ndani ya nyumba, wala kwenye baraza lenye kuta tatu, hata mvua inyeshe. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kinauma, anasikia usingizi, halamuki. Kakae nje, mbali na mlango na dirisha, waya ndiyo irefushwe. Wezi? Funga mnyororo kwenye mti. La pili, usimimine esansi injini ikiwa ya moto. Zima, ngoja kama robo saa, ndipo umimine, bila sigara na bila koroboi karibu. Mimi naongeza la tatu, kwa sababu nimeliona kwa macho: tuache kunyonya esansi kwa mpira na mdomo, na tuache kuihifadhi ndani ya chupa ya maji mahali mtoto anaweza kufika. Esansi ikiingia mapafuni haitoki kwa kunyweshwa maziwa. Usimtapishe mtu, mpeleke hospitali.

Tangu siku ile kagurupe kana mwenyewe. Mzee anakatunza pamoja na vijana wawili, na msichana mmoja wa sekondari anayeandika ndani ya daftari: tarehe, litre ngapi, seringe ngapi, saa ngapi kamewaka. Kuchaji simu ni bei ndogo, na nusu ya pesa inatiwa kando kwa buji. Kuna mabishano, siwafichi. Wengine wanataka simu za wagonjwa na za akina mama wanaotafuta watu wao zichajiwe bure. Vijana wanasema esansi haitolewi bure. Walipoachana jana jioni walikuwa bado hawajapatana, na bei ya chupa barabarani ilikuwa imepanda tena. Bidoni ya njano sasa ina kifuniko cha kweli. Mwenye buji ya ziada ya tugurupe tudogo, hata iliyotumika kidogo, aipeleke pale, aulize mzee wa Lualaba. Watoto wote wanajua jiwe lake.